Mlio Ambao Haukusikika

Tulieni niwape kesi. Nawaonya mapema: sina subira na mtu anayejibu kabla sijafika mwisho, na sitaki jibu la kumpendeza kila mtu.

Mzee Mbaabu wa miteremko ya Timau alikuwa na watoto watatu wakubwa, kila mmoja na lake. Nkatha alikuwa na sikio. Redio ikikoroma kama mafuta kwenye kikaango, yeye alimtoa mtangazaji humo ndani kama mtu anayechambua mchele. Muriungi alikuwa na kichwa cha mashine. Hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuharibu vitu vya watu na kuvirudisha vikiwa vizima. Kathure alikuwa na miguu na mgongo. Alipanda mlima na gunia la viazi huku anapiga soga, na wewe mtupu wa mikono ndiye uliyekuwa ukihema.

Basi mzee alipotelewa na mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akaingia msituni peke yake kumtafuta. Kiunoni alivaa kidude alichoundiwa na Muriungi. Kidude hicho huuliza setilaiti mahali kilipo, kisha hurusha kwa redio namba mbili: moja ya upande wa mashariki, ya pili ya umbali kutoka mstari wa Ikweta. Hakirushi tarakimu kama unavyoziandika wewe, maana zinakula betri. Kila namba hugeuzwa milio thelathini na miwili. Mlio mfupi ni sifuri, mrefu ni moja. Nyumbani kuna kisanduku kinachoipokea na kukuonyesha namba.

Jioni mzee hakurudi. Asubuhi hakurudi. Ilipofika saa saba mchana mlima ulikuwa umejifunika wingu, na watu waliojaa uani hawakuhitaji kuambiana kwamba mtu aliyelowa hamalizi usiku wa pili kule juu. Kisanduku hakikuonyesha kitu. Mawimbi yalikuwa dhaifu mno.

Nkatha akakichomekea spika ndogo, akajifunika blanketi kichwani nayo. Majirani walidhani analia. Alikuwa anasikiliza. Milio ilipokuja, myembamba kama ya mbu, hakuwa hata na karatasi. Aliiandika kwa kalamu kwenye mkono wake, toka kiganjani hadi kwenye kiwiko na kurudi. Ilikuja mara moja ikakatika, betri imekwisha. Namba ya mashariki ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na milio thelathini na mmoja tu. Radi ilikuwa imepiga, ikaumeza mlio wake wa kwanza.

Angeweza kubuni. Nani angejua?

“Wa kwanza sikuusikia,” alisema. “Usiweke kitu hapo.”

Muriungi akamweleza kwamba mashine yake ya kupigia hesabu haijui pengo. Ukiipa thelathini na moja, inajijazia sifuri pale mbele na kukaa kimya, na jibu linatoka safi kama la kweli. Nkatha akasema basi hiyo mashine ni mwongo, na mwongo haendi kumtafuta baba.

Lakini Muriungi alikuwa ameshaiingiza namba, na kioo cha mashine kikatoa bilioni moja na ushei. Kathure akamuuliza baba yuko mwezini au wapi, na hakuwa anatania. Pale uani mtu alianza kunong'ona kuhusu mazishi.

Kosa halikuwa la milio. Mashine iliisoma kama mtu anayehesabu mbuzi, mmoja mmoja, wazima. Milio ileile, ukiiambia ni namba yenye nukta, inasema jambo jingine kabisa. Mlio wa kwanza unasema uko juu ya sifuri au chini yake. Minane inayofuata inasema nukta isogee kiasi gani. Iliyobaki ni mwili wa namba. Muriungi akaushika mkono wa dada yake, akafanya hesabu kwa mkaa kwenye ubao wa mlango. Ile minane ilimpa mia moja ishirini na mbili. Kanuni inataka utoe mia moja ishirini na saba, kwa hiyo ukabaki upungufu wa tano, yaani mwili uugawe kwa mbili, kisha tena kwa mbili, hadi zitimie mara tano. Mwili ulikuwa moja nukta mbili nane. Akagawa. Sifuri nukta sifuri nne. Sehemu ndogo ya digrii, kilomita nne na kitu kutoka Ikweta.

Nne kwenda wapi? Hilo ndilo mlio wa kwanza ungesema. Sifuri, ni kaskazini ya Ikweta, chini kwenye ukingo wa mashamba. Moja, ni kusini, juu kwenye nyasi za baridi. Muda wa kwenda kote kuwili haukuwepo. Muriungi hakujifanya anajua. Alichora alama mbili mlangoni, akaweka mkaa chini. Majirani wakashika njia ya chini, maana matumaini hupenda mteremko.

Kathure alitazama nyuma ya mlango huo huo, pale baba alipozoea kutundika kabuti la sufu. Msumari ulikuwa mtupu. Asubuhi aliyoondoka mzee ilikuwa ya jua kali, na hakuna mtu anayebeba kabuti kwenda chini kwenye mashamba siku ya jua. Akachukua kamba na blanketi, akapanda peke yake. Alimkuta korongoni, mguu umevunjika, mtamba amelala ubavuni mwake akimpasha joto. Akamfunga mgongoni kama mtoto, akateremka akianguka na kuinuka, mtamba akiwafuata.

Mzee alilazwa uani kwenye machela, gari la kumpeleka hospitali likiwa mlangoni. Akakataa kuinuliwa. Kule korongoni, alisema, aliapa kwamba atakayemtoa ndiye mwenye mtamba huyo. Mtu mmoja. Hataki kwenda kupasuliwa akiwa na kiapo begani.

Na wewe unayetaka kusema wamuuze wagawane, funga mdomo. Kiapo si nyama.

Watoto walimsihi ampe yeyote, aondoke. Mzee akasema akimpa asiyestahili atakuwa ameapa uongo, na kwa hali aliyo nayo huo si wakati wa kuapa uongo. Ikabidi waseme. Nkatha akasema bila pengo lake wote wangeteremka na sifuri ya mashine, wakarudi mikono mitupu. Muriungi akasema bila yeye mkono wa Nkatha ulikuwa mikwaruzo ya kalamu, na baba yuko bilioni moja.

Kathure alikuwa bado na damu magotini. “Nyinyi mlinipa milima miwili,” alisema. “Mimi nilipanda mmoja.”

Mguu wa mzee unazidi kuwa mweusi. Dereva amewasha injini. Mzee ameshika mbao za machela kwa mikono miwili, haachii, na amegeuza macho kwenu mlioketi hapa.

Haya. Mtamba ni wa nani? Semeni, na msikawie.