Jiwe la Mpaka Lililolala Gahanga

Asubuhi ya Jumatano, Umulisa, mpimaji ardhi wa Kigali, alipanda kilima cha Gahanga akiwa amebakiwa na siku mbili tu. Miaka mitatu alikuwa akiyachambua madaftari ya wapimaji wa kale waliouchora mpaka wa nchi. Vipimo vyao vyote vilianzia kwenye jiwe moja la kilimani hapo, lililochongwa msalaba. Lisipoonekana kabla ya Ijumaa, kamati ya nchi mbili ingeiweka kando ramani ya kale, na jasho lake lote lingekwenda arijojo.

"Unajisumbua bure," alisema Bruce, mpimaji mwenzake, suti yake iking'aa. "Jana nilimwita yule bibi wa nyumba hii, mkongwe wa kilima, kutoka uzioni, hakunijibu hata neno. Mtambo wangu unasoma setilaiti, nami nichungulie vibanda?"

"Setilaiti zitakwambia uliposimama wewe. Hazijui waliposimama wao," Umulisa akajibu, akavua viatu mlangoni.

Mwenye nyumba, Nyirahabimana, alikuwa akichambua maharage. Umulisa akamwamkia kwa mikono miwili, akaketi mkekani, akachambua naye. Ungo ulipokwisha ndipo alipouliza habari za jiwe.

Bibi akacheka. "Kumbe mjini adabu ipo! Mwenzio alinadi uzioni kwangu kama muuza mbuzi. Jiwe la msalaba? Marehemu mume wangu alishindwa kuling'oa, akajenga juu yake. Liko chini ya kitanda changu, mwana wanjye, mwanangu."

Kitanda chenyewe kilikuwa cha miti iliyochimbiwa ardhini, hakikusogezeka. Bruce akaingia, akachungulia giza lile, akaitazama suti yake.

"Mimi? Humo na kuku?"

"Kuku atakupisha, bwana harusi," bibi akamtania.

Umulisa hakungoja. Alilala kifudifudi, akatambaa kwa viwiko, vumbi likampaka toka utosini hadi nyayoni. Kuku aliyekuwa akiatamia akamdonoa; hakurudi nyuma. Akaufuta udongo kwa kiganja, tabaka baada ya tabaka, hata kidole chake kikazama katika mistari miwili iliyokatana.

"Lipo!"

Kwa utepe wa kupimia na vigingi wakaihamishia alama ile uani, penye anga wazi, mtambo wa Bruce ukaisoma, na ramani ya kale ikashikamana na ya leo kama ulimi na mate. Ijumaa kamati ilitia sahihi, na juu ya waraka likaandikwa jina la Umulisa peke yake. Suti ya Bruce haikuguswa na vumbi, wala jina lake halikuguswa na kalamu. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.