Pimbi, Kiboko na Ghala Lililokosa Mwangwi

Ngano inabisha!
— Ifungulieni!
Imebeba mzigo!
— Tuipokee!
Na kama ni mzito?
— Tutapokezana!

Haya, pokeeni. Hapo kale, kale ambayo haijapita vizuri, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la dawa kando ya mto. Mlinzi wake alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ndiye aliyekuwa na mwili wa kuziba mlango. Korongo walileta dawa kutoka ng'ambo ya ziwa, wakazidondosha, puu! puu! Kiboko akazisukuma ndani, gurugudu! gurugudu! Zikaingia. Hazikutoka.

Korongo walichungulia, wakasema, "Ghala limejaa! Bonde lina afya!" Wakaruka zao. Na huko juu ya majabali, wanyama walitetemeka kwa homa.

Sasa nawauliza: dawa zimejaa ghalani, wagonjwa wamejaa majumbani, hiyo ni afya au ni nini?
— Hatujui!
Hata mimi sijui.

Basi Pimbi, yule mdogo wa mawe, asiye hata na mkia wa kujivunia, alikuwa na binti yake, jina lake Sikujua. Asubuhi moja Sikujua aliamka mwili unawaka. Pimbi akambeba mpaka zahanati ya Nesi Kanga. Kanga akamgusa paji la uso, akamtazama macho.

"Hii ni homa ya mbu, shoga yangu. Dawa yake naijua, boksi lake jekundu. Ila rafu yangu ndiyo hii: vumbi na buibui."

"Dawa ziko wapi?"

"Kwa Kiboko. Mwache mtoto hapa, ukimbie. Jua lisizame hajanywa."

Pimbi akateremka, tipu tipu tipu, mpaka mtoni.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Niko hapa chini. Mwanangu ana homa. Naomba dawa."

"Umeleta chupa tupu?"

"Chupa tupu ya nini?"

"Ndiyo utaratibu. Atakaye dawa alete chupa ya dawa aliyomaliza."

"Sijawahi kupewa dawa, Bwana."

"Basi huna chupa. Huna chupa, hupati dawa."

"Chupa tupu hupatikana wapi?"

"Ukimaliza dawa."

"Na dawa hupatikana wapi?"

"Ukileta chupa tupu. Mbona jambo rahisi!"

Pimbi akawageukia waliokaa foleni. "Nungunungu, ndugu yangu, wewe umeelewa?"

"Mimi? Niko hapa tangu masika, bado naelewa taratibu."

Kobe akatoa kichwa. "Mimi nilikuja na chupa. Nikaambiwa, kama una chupa, basi ulishatibiwa. Nenda nyumbani."

Je, wenzangu, mmeufahamu utaratibu?
— Hatujaufahamu!
Msijali. Hata Kiboko aliusimamia tu, hakuufahamu.

Pimbi akakaa juu ya jiwe. Kichwa kilimzunguka, wee! wee! wee! Jua likapanda, likavuka utosi, likaanza kuinama. Akamkumbuka Sikujua, akasimama, akapangusa macho.

"Bwana Kiboko, ya dawa basi, tuyaache. Ila inaniuma jinsi wanavyokusema."

"Wanasemaje?"

"Eti ghala la Kifaru ni kubwa kuliko lako."

"Nani kasema? Mwongo!"

"Ghala lenyewe ndilo linasema. Kifaru akiita ndani, linamwitikia. Ghala kubwa lina mwangwi, Bwana. Ghala dogo ni bubu."

Kiboko akatumbukiza kichwa mlangoni. "Mimi ni naniii?"

Kimya. Maboksi yaliimeza sauti yote.

"Masikini," akasema Pimbi. "Labda limevimbiwa. Lipunguzie kidogo."

Kiboko akasukuma maboksi nje, gurugudu! gurugudu! Pimbi akayatazama: bandeji, dawa za kikohozi. Jekundu halimo.

"Mimi ni naniii?"

"...ni."

"Limejibu!"

"Limejibu kwa usingizi, Bwana. La Kifaru huitikia neno zima."

Gurugudu! gurugudu! Yakatoka ya tumbo, yakatoka ya macho. Jekundu halimo. Jua likagusa mlima.

"Mimi ni naniii?"

"...nani?"

"Ha! Sikia hilo!"

"Nasikia. Ila la Kifaru huitikia mpaka linachoka. Bado kile kirundo cha kule ndani, Bwana."

Kiboko alikuwa anahema kama mvukuto, lakini akaingia mzimamzima. Gurugudu! Gurugudu! Maboksi mekundu yakabingirika nje.

"Mimi ni naniii?"

"Nani? Nani? Nani? Nani?"

"Linaniuliza!" Kiboko akashangaa. "Pimbi, nijibu?"

"Lijibu, Bwana, usiliache na swali!"

"Ni mimi, mkuuu!"

"Kuu! Kuu! Kuu!"

Kiboko akafumba macho kwa raha. Huku nje, foleni ilikwisha geuka msururu wa kupanda mlima. Kobe akampa Nungunungu, Nungunungu akampa Nyani, Nyani akampa Kanga. Kanga akayasoma moja moja. "Hili la macho, mpelekeeni Fuko. Hili jekundu limeoza, chimbeni shimo. Na hili pia. Na hili... ngoja. Hili zima! Lete kijiko!"

Jua lilibaki ukucha tu. Sikujua akanywa, akakunja uso. Akalala. Pimbi, aliyepanda nyuma ya maboksi, akamshika mkono. Giza likaingia, jasho likamtoka mtoto, tii tii tii. Akafumbua macho.

"Mama, nina njaa."

Na Kiboko je? Yumo ghalani mpaka leo. Korongo wakileta boksi, analipiga teke nje: "Msinizibie sauti!" Na nje wapo wa kulipokea.

Ngano yangu imechoka, naiketisha. Aliye na yake na aisimamishe.

Na funzo lake, watoto, ni hili: majivuno ni mabaya, msijivune.
— Lakini Kiboko asingejivuna, Sikujua angekufa!
Eh. Basi jivuneni.
— Tujivune au tusijivune?
Msiniulize mimi. Kamuulizeni Sikujua. Yuko juu ya mawe, anakula.