Mwiba wa Tafi Kinywani mwa Chewa

Mnaniona nakuna nazi, mikono imejaa, ndipo mnakumbuka ngano! Haya, kaeni. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Mwamba na wenyewe!

Hapo kale maji ya mwamba yalikuwa safi, ukidondosha sindano waiona ilipolala. Jua lilishuka mpaka chini, matumbawe yakalinywa, yakakua. Ndani ya tumbawe moja aliishi Bi Kamba, mdogo kama kidole cha mtoto. Mama yake alizaliwa humo, naye akazaliwa humo. Kazi yake kusafisha meno ya samaki wakubwa, na sheria ya mwamba ilisema: msafisha meno hatafunwi.

Akaja Chewa, samaki mwenye mdomo kama pipa. Samaki tafi walikuwa wakila majani ya mwamba. Chewa akawala tafi. Leo bwaku! Kesho bwaku! Waliobaki wakajificha. Majani yakaota, yakayafunika matumbawe, jua likakosa njia. Nyumba ya Bi Kamba ikaanza kufa, chumba kwa chumba. Akakumbuka asubuhi za utotoni, tafi wakitafuna juu ya dari, kwaru kwaru, mama yake akisema, "Lala, wanafagia tu." Sasa kimya.

Chewa akaja kusafishwa. "Haya, mdudu, toa mifupa."

"Achama, mjomba."

Akaingia hadi fizi ya mwisho, akamchoma kwa gando. Nywii!

"Wewe! Nini hicho?"

"Ole wako, mjomba! Mwiba wa tafi, na sumu yake waijua. Ukila tafi mwingine, mwiba utazama mpaka kwenye ubongo." Akashusha sauti: "Kama upo."

Chewa akauliza, "Dawa?"

"Majani ya mwamba. Yakwangue kwa meno yako, tumbawe kwa tumbawe. Ukimwona tafi, funga mdomo."

"Siku ngapi?"

"Nitakuambia."

Chewa akakwangua. Akipumzika, Bi Kamba humo kinywani, nywii! "Mwiba umesogea, mjomba!" Akakwangua tena. Jua likarudi chini. Tumbawe likatoa ncha mpya, nyeupe kama jino la mtoto. Tafi wakarudi. Asubuhi moja Bi Kamba akasikia dari linafagiwa, akageuka ubavu, akalala.

Ngano yangu imekupwa. Tamu gawaneni, chungu mwachieni Chewa. Funzo lake: watoto, msiseme uongo, uongo hauna faida. Na Chewa? Hakuambiwa aache mpaka meno yake makubwa yalipoisha yote. Amebakiwa na vijino kama punje za mtama.