Bomba Lililogongwa Siku Isiyo ya Maji

"Leo si siku ya maji. Nani anagonga bomba?"

Chausiku aliuliza hivyo Jumanne, saa tano asubuhi, katikati ya chumba cha kufulia. Mmoja aliendelea kukamua shuka. Mwingine alisogeza beseni lake mbele kwenye foleni.

Haya, sogeeni niwape kesi. Nikimaliza mniambie kama mimi ndiye nisiyeelewa.

Kwenye maghorofa ya manispaa, pale chini kabisa, kuna kituo cha jamii. Huduma zake ni bure kwa kila mpangaji. Na watu watatu wanaozitoa hawana hata chumba kimoja ndani ya maghorofa hayo. Shikeni hilo kwanza.

Chausiku anasimamia mashine za kufulia. Kipaji chake ni masikio. Pale maji yakifika, wa chini hugonga bomba ili wa juu watege ndoo. Chausiku akisikia mlio mmoja tu hukwambia umetoka ghorofa gani. Kazi ikiisha hutandika godoro nyuma ya meza ya kupigia pasi.

Lugano anafundisha vijana kuchomelea. Kipaji chake ni mikono. Geti la chuma lililokataa ufunguo, yeye hulibembeleza mpaka linafunguka, na kitasa kikabaki kizima. Amepanga banda bondeni. Mvua ikinyesha, yeye na mwanawe hukaa juu ya kitanda kama kuku.

Mwajabu ni nesi mstaafu, hupima watu presha na sukari. Kipaji chake ni macho. Anaishi kwa mkwewe, na mkwe haachi kumuuliza, kwa tabasamu kabisa, ataondoka lini.

Sasa hiyo Jumanne. Bibi Sikudhani, mpishi wa shule wa zamani, mjane wa ghorofa ya nne, alimeza dawa yake ya kisukari, na kabla hajanywa chai akateleza bafuni. Mguu ukavunjika. Sauti haikutoka. Kilichokuwa karibu ni kikombe cha bati na bomba. Akagonga.

Mnajua jengo zima lilifanya nini? Lilitega ndoo.

Sitanii. Ghorofa zote zilisikia, zikafungua koki, koki zikatoa hewa, watu wakalaani huyo anayewachezea, wakarudi kwenye mambo yao. Jirani wa ukutani, Kisoka, mlinzi wa zamu za usiku, alikuwa amelala kwenye korido ya dada yake, maana vyumba vimejaa watoto. Akaamka na hasira, akachukua spana, akalipiga bomba kwa nguvu zake zote. "Acheni upuuzi, watu tumelala!" Kisha akajifunika tena.

Kule chini mashine zilikuwa zikinguruma tangu asubuhi. Ziliponyamaza ndipo Chausiku aliposikia. Hakusubiri jibu la foleni. Alipanda moja kwa moja ghorofa ya nne, mlango kwa mlango akaweka sikio kwenye bomba, mpaka akasimama mbele ya geti la Bibi Sikudhani. Limefungwa kwa ndani.

Aliitwa Lugano. Vijana wake walitaka kukata kwa mashine. Akawakataza, kwa kuwa mashine ilikuwa imeazimwa nje ya kituo na kuingoja ni kuchelewa. Akapitisha waya kati ya vyuma, akazungusha. Geti likaachia.

Bibi walimkuta anatoka jasho, macho yamelegea. Majirani, ambao sasa walikuwa wamejaa mlangoni, walisema ni presha, amwagiwe maji. Mwajabu, aliyekuwa ameitwa kutoka chini, aliwasukuma kwa kiwiko, akapima sukari, akaiona imeshuka vibaya. Akampaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, mpaka bibi akamtambua.

Sasa, wiki tatu baadaye, bibi amerudi kutoka hospitali na plasta mpaka kwenye paja. Ofisi ya nyumba imemwambia hawezi kuishi peke yake. Aandikishe mtu mmoja wa kukaa naye, ambaye nyumba itabaki kwake siku bibi akiondoka duniani. Ijumaa ikipita hajataja jina, anapelekwa makao ya wazee na nyumba anapewa mwingine.

Kikao kikafanyika kituoni. Chausiku alisema bila sikio lake kusingekuwa na geti la kufungua. Lugano akamjibu, "Na ungesikiliza mpaka leo, dada, ukiwa nje."

"Mngefungua, wanangu," Mwajabu akasema taratibu, "mkabeba maiti."

Hapo Kisoka akasimama. "Na mimi nimo."

Watu wakacheka. Mama mmoja akamuuliza kama spana nayo inadai nyumba. Bibi Sikudhani akainua mkono.

"Mwacheni. Nilikuwa nimechoka. Kikombe nilishakiweka chini, nikasema basi. Halafu bomba likanijibu. Nikajua kuna mtu anajua nipo. Nikakiokota tena."

Kicheko kikakatika. Milio aliyoisikia Chausiku ni hiyo ya baada ya spana.

Mimi nimeduwaa mpaka leo. Mtu aliyetukana ndiye aliyemfanya aendelee kugonga! Nimetafuta uongo kwenye dai la Kisoka, sijauona. Nimetafuta wema, nao sijauona. Na Kisoka naye analala koridoni.

Bibi akawatazama wote wanne. "Ofisi inataka jina," akasema. "Nisaidieni." Wale waliotega ndoo wakaangalia sakafu.

Kesho ni Ijumaa. Je, wewe ungempa nani? Usiniambie wagawane, nafasi ni moja. Usiniambie yote ni mipango ya Mungu, ofisi haiandikishi mipango. Naomba kitu kimoja tu: taja jina, na ukilitaja unitazame usoni.