Folda Iliyoitwa Safi

Ukikuta mashahidi wawili wanapingana, wewe humnyamazisha yupi? Usijibu upesi.

Mghoi alikuwa na kazi isiyopigiwa mtu makofi. Wapimaji waliporudi kutoka bondeni, ambako bomba la maji lingepita, yeye ndiye aliyetoa data ghafi kwenye vyombo vyao vya setilaiti na kuipanga kwenye kompyuta, kila siku na folda yake, tayari kwa mahesabu. Chombo kimoja kilizunguka nyumba hadi nyumba. Cha pili kilishinda juu ya jiwe la upimaji, kikilindwa na Mwakio, na vipimo vyote vilihesabiwa kuanzia hapo.

Siku moja chombo cha jiweni kilileta faili mbili badala ya moja: fupi ya asubuhi, na ndefu ya kutwa. Alipozijaribu pamoja, jiwe lilitokea mahali pawili. Mghoi alikuwa amesoma. Hakuhitaji kuambiwa kwamba jiwe halitembei. Jua lilikuwa limewaka, na Mwakio alikuwa amefuata kivuli cha ukuta, yeye na chombo chake. Ilitosha kumuuliza. Lakini kumuuliza kungewarudisha watu wote bondeni, na mkubwa wao alikuwa ameshaahidi ramani.

Akafuta ile fupi. Ndiyo iliyosema kweli, lakini ilikuwa fupi, na ilikuwa inachafua. Iliyobaki ikakaa vizuri ajabu: kila nyumba ilikuwa imehama hatua zilezile, upande uleule, na makosa yanayotembea pamoja hayagombani. Folda hiyo akaiita Safi.

“Hii ndiyo kazi ya mtu aliyesoma,” mkubwa alisema, naye akaitikia asante.

Kwenye ramani bomba lilipita nyuma ya nyumba ya mjane Wakesho, akaambiwa alale bila wasiwasi. Vigingi vya njia ya bomba vilipopigwa, safari hii vikipimwa kuanzia kwenye jiwe lenyewe, vilikata katikati ya jiko lake na juu ya kaburi la mumewe. Tingatinga likafuata vigingi. Wakesho akaenda ofisini kwao kuomba ajengewe. Wakaifungua ramani, wakamwonyesha kwa kidole: nyumba yako, mama, haijaguswa.

“Haijaguswa,” alisema Wakesho. “Basi ingieni humo ramanini, wanangu, mkanipikie uji.”

Mwishowe walikutana palepale kwenye kifusi. Mkubwa alilaumu setilaiti, ambazo ziko mbali na hazijitetei. Mwakio alitazama viatu vyake. Wakesho alikuwa ameketi juu ya mlango wake uliolazwa chini, mikono mapajani. Hakuwa akidai tena jiko wala kuta. Alikuwa akisubiri mtu mmoja tu aseme kwamba pale palikuwa na nyumba, na kwamba imevunjwa.

Mghoi alijua kwamba akinyamaza, nyumba hiyo itaendelea kusimama kwenye karatasi, imara, na mwenye nyumba ataendelea kulala nje. Alijua pia kwamba hakuna atakayemuuliza. Faili ilishafutika, na folda ilikuwa safi.

“Mama,” alisema, “chombo kilihamishwa. Mimi niliona siku ileile. Nikafuta.”