Pumzi ya Zubaida

Wahenga walituonya kwamba anayeutupa mkeka wake mkuukuu kwa kutamani msala wa mpita njia, huenda akalala chini. Watu wengi huisikia methali hiyo, wakatikisa kichwa kukubali, kisha wakafanya kinyume chake. Sharifah binti Abdul-Karim, mkazi wa Lubaga jijini Kampala, alikuwa mmoja wao.

Mama yake, Zubaida, alifariki dunia kabla Sharifah hajajua kutamka neno "mama". Sauti yake ilibaki kwenye santuri moja tu, katika wimbo alioimba na bendi ambamo Abdul-Karim, askari polisi mstaafu, alikuwa mpiga tarumbeta. Sharifah alikuwa karibu kuolewa, naye alitaka wimbo huo upigwe harusini, ili mama yake asikose kuwapo. Lakini santuri ilikuwa imechakaa, ikitatarika kama bisi jikoni, naye aliona haya mbele ya wakwe.

Basi akaenda soko la Owino kwa Fatumah, muuza santuri, wakabadilishana. Alitoa yake, akapewa nyingine ya wimbo uleule, inayong'aa kama kioo. Akarudi nyumbani akicheka hadi jino la mwisho.

Baba yake akaiweka kwenye gramafoni, akainamisha kichwa kusikiliza. Wimbo ulitoka safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Ulipokwisha, mzee alikuwa amekunja uso.

"Hapumui," alisema.

"Nani, Baba?"

"Mama yako. Kabla ya kiitikio alikuwa navuta pumzi kwa nguvu, mpaka sisi watu ya tarumbeta tunacheka. Hapa hakuna. Hii ni chapa ya baadaye, walinakili kutoka kwa nakala. Ngoma iko mbele, mama yako iko mbali. Yetu iko wapi?"

Sharifah akaiondoa ile mpya kwenye gramafoni. "Nimeibadilisha, Baba."

Hawakungoja hata chai. Kule Owino, Fatumah aliwaonyesha kasha lililojaa santuri za wimbo uleule. "Nyabo, bibie, nilichanganya na wenzake. Asubuhi Wakongo wamenunua mingi. Tafuta tu."

Lebo za katikati zote zilikuwa nyekundu. Machozi yakaanza kumlengalenga Sharifah.

"Wacha lebo," baba yake alimwambia. "Macho yangu imechoka, tumia yako. Angalia pale karibu na lebo, pale hakuna wimbo. Chapa ya kwanza, fundi aliandika namba kwa mkono, na ncha ya chuma. Ya baadaye waligonga na mashine."

Sharifah akazielekeza kwenye mwanga moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za mashine. Chini kabisa ya kasha akaona tarakimu zilizopinda, kama za mtoto anayejifunza kuandika.

Abdul-Karim akaomba ile inayong'aa, waliyokuja nayo, ichezwe kwanza kwenye gramafoni ya Fatumah, kisha hii, kwa sindano ileile na sauti ya kiwango kilekile, ili kila moja ipate haki yake. Ya pili ilipoanza, mkwaruzo ulikuja mahali palepale Sharifah alipopajua tangu utotoni, naye akaufurahia kwa mara ya kwanza maishani. Nyuma ya mkwaruzo sauti ilikuwa karibu sana, kana kwamba mwanamke amesimama nyuma ya lundo la mitumba. Kisha, kabla ya kiitikio, Zubaida akavuta pumzi.

Mzee akacheka huku machozi yakimtoka.

"Eh! Huyu mama iko hai!" Fatumah akasema. "Chukua yako, nyabo. Rudisha yangu."

Siku ya harusi, wakwe waliposikia mikwaruzo walitazamana. Sharifah hakujali. Alimshika baba yake mkono, akangoja. Pumzi ilipokuja, bibi harusi naye akavuta yake, pamoja na mama yake. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.