Uani kwa Bi Mwanajoha

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana hadithi hii kila nikiisimulia napandwa na hasira. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake halitusaidii kitu, aliishi bibi mmoja akiitwa Bi Mwanajoha. Alikuwa mjane, mkunga wa kijiji, mdogo wa umbo, asiyependa maneno mengi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua. Ua wenyewe mdogo. Ukitandika mikeka miwili, umekwisha.

Lakini mngeona alivyoupanga. Kwenye uzio wa makuti alipanda fiwi. Zikatambaa, zikatambaa, zikafunika makuti yote, mtu wa nje asione ndani. Maji ya kuogea hakuyamwaga ovyo. Alichimba kifereji, maji yakaenda cho-cho-cho mpaka kwenye migomba. Kijia hakukinyoosha. Alikipinda kikauzunguka mkomamanga, hivyo ukiingia huoni mwisho, unadhani ua ni mrefu. Na nyuma ya mkomamanga alijenga kibaraza cha udongo, akakizungushia mirehani. Hapo ndipo wanawake waliotoka kujifungua walipokuja kuoga na kupumzika, wale ambao kwao hakuna pa kujisitiri.

Jirani yake alikuwa Jumbe Sadala, mkubwa wa kijiji. Ua wake ulikuwa mkubwa. Mkubwa, mkubwa, kijiji kizima kingecheza ngoma humo. Na ndani hamna kitu. Alikata kila mti. Akaamrisha ufagiliwe asubuhi na jioni, fya, fya, fya, ubaki mchanga mtupu, ili wageni wauone ukubwa wake. Ikabaki shida moja. Wageni walilalamikia harufu ya punda wake.

Jumbe akasema, "Ule ua wa bibi haufai kitu, mwembamba mno. Ng'oeni yale majani, nimfunge punda wangu."

Punda, jamani. Mnanisikia? Punda.

Wakaja vijana na majembe. Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi. Uani ni kwa wanawake. Mwanamume hupiga hodi, na asipoambiwa karibu, haingii. Akipiga mara tatu pakawa kimya, hurudi alikotoka.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, bibi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Kimya. Cho-cho-cho, maji tu yanasikika.

Wakarudi. Kesho yake wakaja tena, hodi, kimya, hodi, kimya, hodi, kimya. Wakarudi.

Jumbe akafoka, "Kibibi kizee kinawashinda?"

"Hajasema karibu, Jumbe. Tutaingiaje?"

"Mimi nipige hodi katika kijiji changu?"

Akaondoka mwenyewe. Akausukuma mlango wa makuti, kwaa! Akakifuata kijia, akauzunguka mkomamanga, akatokea kibarazani.

Na aliyekuwa kibarazani ni Mize, mke wa mwanawe, aliyekuwa amemzaa mjukuu wake juzi tu. Kichwa wazi, amejifunga kanga moja iliyolowa, Bi Mwanajoha anammiminia maji. Mkwe wake huyo. Mtu ambaye wakikutana njiani, Jumbe hugeuza uso kwa heshima. Mize akapiga ukelele, akajificha nyuma ya bibi.

Jumbe akaangalia chini. "Mize anafanya nini hapa? Kwangu kuna ua."

"Kwako kuna uwanja, Sadala," Bi Mwanajoha akasema. "Aoge wapi? Pale mchangani, wageni wako wakimtazama? Umekata mpaka mpapai wa mwisho. Mke wa mwanao amekuja kujisitiri kwangu, na hapahapa ndipo unapotaka kumfunga punda."

Jumbe akatoka kinyumenyume, akakanyaga kifereji, chubwi, matope yakamrukia mpaka magotini. Na nje wanawake wameshajaa, wameusikia ukelele.

Wazee wa kijiji wakakaa, wakaamua. Ua wa bibi usiguswe. Na Jumbe apande kwake pembe ya kujisitiri, kwa mikono yake mwenyewe.

Miche ataitoa wapi? Kwa Bi Mwanajoha. Basi kila asubuhi Jumbe akawa anasimama nje ya uzio.

"Hodi, bibi."

Bibi akimpitishia mche juu ya makuti. "Huu uuweke penye maji. Na kijia kipinde."

Mize akapata pa kuoga kwao. Ila mpaka Bi Mwanajoha anakufa, Jumbe hakuambiwa karibu hata siku moja.

Wako wanaosema bibi alizidisha. Mimi nasema hakuzidisha. Mkijenga, wanangu, msianze kupima upana. Ulizeni kwanza nani atapata pa kujisitiri humo. Na mahali mtu alipojisitiri, usipoambiwa karibu, rudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, nje ya uzio, alipoachwa Jumbe amesimama.